Barua pepe ya chuo ikihamia mfumo mpya, simu ibaki mkononi mwa mstaafu

Mwezi mmoja baada ya chuo chetu kuhamishia barua pepe kwenye mfumo mpya, mama mmoja aliyefundisha botania hapa kwa zaidi ya miaka 30 alifika dirishani petu, Kitengo cha TEHAMA, ameishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeandika nywila ileile mara nne, inanikataa. Nimesahau mimi, au mmenifuta ninyi?"

Hakuwa amesahau, wala hatukuwa tumemfuta. Nywila yake ilikuwa sahihi herufi kwa herufi. Wiki ile nzima alikuwa anajiona mzee asiyeweza tena kukumbuka neno moja, na kosa lilikuwa letu sisi wa kitengo, tulioweka tangazo la mabadiliko kwenye mbao za chuoni na kwenye barua pepe ileile ambayo wastaafu walikuwa hawawezi tena kuifungua.

Makala hii ni kwa ajili ya wastaafu wa vyuo, na zaidi kwa wanaowasaidia: watoto, wajukuu, majirani, mafundi wa simu, na wenzangu wa TEHAMA.

Nianze na hilo la kukataliwa nywila, maana ndilo linaloleta watu wengi. Programu za barua pepe za zamani zilikuwa na tabia moja rahisi. Kila zilipochungulia kama kuna barua mpya, zilimpelekea seva, yaani kompyuta kuu inayotunza barua, jina lako na nywila yako, basi. Nani anazipeleka, kutoka wapi, kwa kifaa gani, seva haikuuliza. Mwizi aliyepata nywila alikuwa amepata nyumba nzima. Ndiyo maana Microsoft ilianza kuzima njia hiyo tarehe 1 Oktoba 2022 kwa taasisi zote zinazotumia huduma yake ya barua pepe, na Google nayo ikaenda njia hiyohiyo. Sasa programu inatakiwa ifungue ukurasa wa kuingilia wa chuo, ikuulize nywila pale, kisha ikudai uthibitisho wa pili. Programu ya zamani haijui kufungua ukurasa huo. Inafanya kitu kimoja tu inachokijua: kuomba nywila tena, na tena, na kuandika kwamba nywila si sahihi.

Ujumbe huo unapotosha, na madhara yake nimeyaona. Mstaafu anabadilisha nywila. Anajaribu tena, inakataa. Anabadilisha nyingine. Akaunti inajifunga kwa usalama. Mwishoni anaiacha kabisa na kumwambia mjukuu, "Nifungulie nyingine." Kwa hiyo mzee wako akikwambia nywila imekataliwa baada ya chuo kubadili mfumo, usikimbilie kubadilisha nywila. Fungua kivinjari cha simu au kompyuta, nenda kwenye ukurasa wa barua pepe wa chuo, uone kama anaingia. Akiingia pale, nywila ni nzima, na kinachohitajika ni programu mpya.

Lakini kabla ya kuiondoa akaunti kwenye programu ya zamani, simama kwanza. Hapa ndipo watu wamepoteza barua za miaka.

Wastaafu wengi waliwekewa barua pepe enzi ambazo intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua, na mafundi wakati huo walitumia utaratibu uitwao POP. Utaratibu huo unazichukua barua kutoka kwenye seva, unazishusha kwenye kompyuta yako, na mara nyingi unazifuta kule zilikotoka. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa mazingira yale: unaunganisha dakika tano, unashusha, unakata, unasoma kwa nafasi yako. Matokeo yake ni kwamba chuo kinapohamisha barua kwenda mfumo mpya, kinahamisha zile zilizopo kwenye seva tu, na kwa mtu wa POP seva haina kitu. Barua zake zote, majibu ya majarida, rasimu za wanafunzi wa uzamivu, picha za mimea zilizotumwa kutoka porini, zimo kwenye kompyuta moja ya mezani iliyofunikwa kitambaa sebuleni Rombo au Karagwe. Ukiiondoa akaunti kwenye programu ile, zinaweza kuondoka nayo.

Kwa hiyo angalia kwanza mipangilio ya akaunti. Ukikuta neno POP, usifute chochote. Nakili folda yote ya barua kwenye diski ya nje, kisha utuletee au uwasiliane na kitengo cha chuo chenu. Kuzipandisha kwenye mfumo mpya kunawezekana, ingawa kunachukua muda. Ukikuta IMAP, pumua. Huko barua hubaki kwenye seva na kompyuta inaonyesha nakala yake.

Jambo jingine dogo linalosumbua: mfumo mpya ukianza, anwani zinazojitokeza zenyewe unapoandika herufi mbili za mwanzo mara nyingine zinakuwa za mfumo wa zamani, na barua inarudi. Futa pendekezo hilo, andika anwani nzima upya mara moja, basi.

Sasa uthibitisho wa pili, ambao ndio moyo wa mfumo mpya na ndio unaowatesa wazee kuliko chochote. Ukishaandika nywila, mfumo unataka namba ya tarakimu sita, ama iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, ama inayotengenezwa na programu ndani ya simu. Swali la kwanza ambalo kila msaidizi anapaswa kuuliza ni hili: namba inakwenda kwenye simu ya nani?

Tulipopitia kumbukumbu zetu tulikuta wastaafu ambao simu yao iliyosajiliwa ni ile ya mezani ofisini, katika chumba ambacho leo anakaa mhadhiri msaidizi. Hao walau tuliwaona mapema. Wagumu zaidi kuwagundua ni wale ambao kijana wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, aliweka namba yake mwenyewe. "Babu, nimekumalizia, kila kitu kipo sawa." Kisha kijana anarudi Mwanza kazini. Babu akitaka kufungua barua saa tatu usiku, lazima ampigie mjukuu, mjukuu awe macho, awe na chaji, amsomee namba kabla haijaisha muda. Wiki ya kwanza wanafanya hivyo. Wiki ya tatu babu anaona anasumbua watu, anaacha.

Kwa hiyo iwe laini ya mstaafu mwenyewe. Na kwa Tanzania kuna hatua moja zaidi: piga *106# kwenye simu yake uhakikishe laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Usajili ni wa alama za vidole, na laini ikipotea, anayeweza kuirudisha ni yule ambaye kidole chake kiliisajili. Laini iliyosajiliwa kwa jina la binti aliyehamia Muscat itampa mzee shida siku simu inadumbukia kwenye ndoo ya maji.

Wanaoishi mahali mtandao wa simu unapopotea ninawashauri watumie programu ya kutengeneza namba. Inafanya kazi bila bando na bila mtandao wowote, kwa sababu inakokotoa namba kutokana na vitu viwili: siri iliyopandikizwa siku ya kuiunganisha, na saa ya wakati huo. Namba hubadilika kila sekunde 30. Kwa mikono inayotetemeka na macho yanayohitaji miwani, sekunde 30 ni chache. Mfundishe asianze kuandika namba iliyokaribia kuisha. Asubiri mpya itokee, aiandike kwa kalamu kwenye karatasi, kisha aiingize. Ongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya simu kabla hamjaanza somo. Nimeona masomo ya saa nzima yakiharibika kwa sababu tu mzee alikuwa anasoma 8 kama 3 na hataki kusema.

Lipo tatizo moja ambalo sijawahi kuliona kwenye mwongozo wowote wa wageni, maana ni letu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Wazee kadhaa wamerudisha saa za simu zao nyuma kwa saa sita ili saa nne asubuhi simu isome 4:00 na si 10:00. Kwa maisha ya nyumbani hakuna ubaya wowote. Lakini programu ya namba inategemea saa hiyo, na saa sita ni vipindi 720 vya sekunde 30. Namba zote zitakazotoka zitakataliwa. Siku ya kwanza nilipokutana na hali hii nilitumia karibu asubuhi nzima nikifuta na kuweka programu upya, mpaka mzee mwenyewe aliponiambia, "Hiyo saa niliirekebisha, ile yenu inanichanganya." Dawa ni kurudisha tarehe na saa kwenye hali ya kujirekebisha yenyewe. Na kama anataka kweli aendelee kusoma saa za Kiswahili, usiguse saa, badilisha ukanda wa saa: chagua São Paulo, Brazili, iliyo nyuma yetu kwa saa sita kamili. Simu itaonyesha 4:00 asubuhi, na ndani kabisa muda utabaki sahihi, namba zitakubali.

Kuna watu wameniuliza, wakiwemo viongozi, kwa nini tujisumbue hivi kwa mtu aliyekwisha kustaafu. Si apewe anwani ya kawaida ya bure aendelee? Nawaambia watazame yaliyomo kwenye vikasha hivyo. Profesa anaweza kustaafu leo, lakini makala yake za majarida zitabaki zimechapwa na anwani ile ya chuo kwa miaka yote ijayo, na mtafiti atakayetaka data zake ataandikia hapo. Mwanafunzi wake wa zamani anayeomba nafasi ya masomo nje anatakiwa kutaja mdhamini, na vyuo vingi huko vinataka barua ya mdhamini itoke kwenye anwani ya taasisi. Yule mama wa botania hakuja dirishani kwa ajili ya kusoma habari. Kulikuwa na kijana aliyekuwa anasubiri barua yake ya mapendekezo, na zilikuwa zimebaki siku tatu.

Ni kweli nafasi ina gharama. Google ilipotangaza mwaka 2021 kwamba vyuo havitakuwa tena na hifadhi isiyo na kikomo, bali TB 100 za kugawana chuo kizima, vyuo vingi duniani vilianza kupunguza akaunti, na wastaafu wakawa miongoni mwa walioguswa. Chuo kikiamua kupunguza, kiseme mapema na kiwape watu muda. Wewe mstaafu, kwa upande wako, usitegemee mlango mmoja. Weka anwani binafsi kama ya akiba kwenye ORCID (daftari la kimataifa la utambulisho wa watafiti), kwenye benki na kwenye akaunti za majarida. Ukiifungua Gmail binafsi, ingia humo mara kwa mara, kwa kuwa tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Pia GB 15 za bure zinagawanywa kati ya barua, mafaili na picha, na tangu 2024 akiba za WhatsApp za simu za Android zinahesabiwa humo. Picha za harusi za familia zikijaa, barua mpya hazipokelewi.

Na matapeli wanafuata mabadiliko kama inzi wanavyofuata embe. Chuo kikitangaza mfumo mpya, ndani ya siku chache utaanza kuingia ujumbe: "Sanduku lako limejaa, bofya hapa kuhakiki akaunti, usipofanya hivyo litafungwa leo." Sote tunaujua ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Huu ni ndugu yake, amevaa suti. Kitengo cha TEHAMA hakitakuomba nywila wala ile namba ya tarakimu sita, si kwa barua, si kwa simu, si kwa kuja nyumbani. Anayeiomba, hata akikutaja kwa cheo chako na idara yako na mwaka uliostaafu, kata simu. Akitumia ujumbe mfupi, upeleke kwenye namba 15040 ya TCRA. Simu ikikuuliza yenyewe kama ni wewe unayeingia, na wewe umekaa unakunywa chai, bonyeza kukataa, kisha tupigie. Kuna waliobonyeza kukubali ili tu ile kelele iishe.

Tunapofundisha sasa hapa kitengoni tuna kanuni moja, nami nimeing'ang'ania hata foleni ikiwa ndefu: fundi haruhusiwi kuishika simu ya mstaafu. Anakaa pembeni yake, si mbele yake, ili wote wawili waone skrini upande uleule. Anaelekeza kwa kidole bila kugusa. Mstaafu anaandika, anakosea, anarudia. Akimaliza, anatoka nje kabisa ya akaunti na kuingia tena mwanzo hadi mwisho, mara ya pili bila kuelekezwa. Inachukua dakika 40 badala ya tano, na katika hao waliofundishwa hivyo, wachache sana wamerudi dirishani kwa shida ileile.

Yule mama ilimchukua karibu saa nzima. Alipoingia mara ya pili peke yake, hatukumruhusu aondoke kabla ya kuchapa namba za akiba, zile za kutumia siku simu imepotea, kila moja ikiwa ya kutumika mara moja tu. Tulizichapa kwa herufi kubwa. Akazikunja, akaniuliza azitunze wapi. Nikamwambia pale anapotunza hati ya kiwanja na kitambulisho cha pensheni. Akaziweka kwenye bahasha, akaandika juu yake kwa mkono "Barua ya chuo", akakaa kwenye benchi letu la nje na kuanza kuandika mapendekezo ya yule kijana.