Mchawi anabebwa? Uongo tunaolishana kwenye gemu za zamu

Kwanza tumalize hili, mtu wa Tanga akisema anaandika kuhusu uchawi watu wa bara wanaanza kucheka kabla hajafika mbali, haya chekeni, mi naongelea uchawi wa kwenye gemu, zile za kupigana kwa zamu, unacheza wewe halafu anacheza adui, kama drafti tu. Maskani kwetu Makorora kuna laptopu moja na watazamaji wanane na kila mtazamaji ni profesa, haya yote nimeyaokota hapo.

Linalonikera kuliko yote: "mchawi anabebwa, moto mmoja anamaliza kundi zima." Anayesema hivi ameona Fireball, ule mpira wa moto wa gemu ya Baldur's Gate 3 (ile iliyotoka 2023) ikitua katikati ya vibwengo, basi akachanganyikiwa. Tuhesabu. Fireball ni dadu 8 za pande 6, wastani wake 28, na adui akifanikiwa kuikwepa anakula nusu. Mchawi wa levo 5 ana nafasi 2 tu za uchawi wa daraja la Fireball, zikiisha anashuka kwenye uchawi mdogo mpaka anabaki na vimoto vya kuwashia sigara, wakati mpiganaji wa levo hiyohiyo anashusha panga mara 2 kila zamu kutwa nzima na halipii kitu. Yani mchawi kapewa bunduki yenye risasi mbili. Sasa mbona kwako anaonekana hana mpinzani? Kwa sababu wewe kila vita ikiisha unakimbilia kambini kulala! Kulala kunajaza nafasi zote upya, na bei yake ni vipimo 40 vya chakula kwenye ugumu wa kawaida, 80 ukiweka ugumu wa juu uitwao Tactician, ila chakula chenyewe kimezagaa kama machungwa ya Muheza msimu wake, kwa hiyo hapo hata waliotengeneza nawalaumu kidogo.

Halafu kuna shemeji yangu, yeye na mdomo wake, "kumfunga adui ni kupoteza zamu, mchome tu." Shem sikiliza. Mko wanne kwa wanne. Umemchoma mmoja kabaki na damu 1, zamu yake ikifika anakupiga kwa nguvu zilezile kama mzima, kwenye gemu nyingi ndo ilivyo, jeraha halimpunguzii kitu mpaka afe. Sasa mwenzio kamrushia Hold Person, uchawi wa kugandisha wa Baldur's Gate 3, jamaa kaganda, zamu yake imepita hivihivi, na kila pigo la karibu, ndani ya mita 3, likimpata linahesabika pigo kali (critical), dadu za demeji zinazidishwa mara mbili. Nani kapoteza zamu? Ukali wa mchawi uko kwenye kuiba zamu za watu, moto ni mbwembwe. Na ndo maana wamemwekea breki: uchawi wa namna hiyo unataka akaze akili, anashikilia mmoja tu kwa wakati, akipigwa dadu inarushwa kuona kama utamponyoka. Kwa hiyo usimsimamishe mbele kama golikipa.

Ila shem ana haki kwenye Divinity: Original Sin 2 ya 2017. Kule kila mtu ana ngao mbili, ya mapanga na ya uchawi, na huwezi kumgandisha mtu mpaka ngao ya uchawi iishe kwanza. Ukichanganya wachawi wawili na wapiga panga wawili, kila upande unabomoa ukuta wake peke yake, kama mafundi wawili wasioongea. Wengi wanakubali kwamba hapo mizani ilipinda, na mi nakubali pia.

"Gemu inadanganya, imeniandikia asilimia 90 nikakosa." Wallahi hii nimeisikia mpaka nimechoka. Piga mara 10 kwa asilimia 90, uwezekano wa kukosa walau mara moja ni kama asilimia 65, kwa hiyo ajabu ni usipokosa. Na gemu zinazodanganya kweli zipo! Fire Emblem ya 2002 na kadhaa zilizofuata zinarusha namba mbili zinachukua wastani, 90 unayoiona kwenye skrini kiukweli inakaribia 98. Yani inadanganya kwa kukuonea huruma na bado mtu anarusha padi.

Ya mwisho fupi: "ongeza akili tu, uchawi utakuwa mkali." Inategemea gemu. Kwenye Final Fantasy ya kwanza kabisa, ya 1987, kulikuwa na kosa kwenye programu, namba ya akili haikuongeza chochote kwenye uchawi. Mchawi wako msomi alikuwa anarusha moto uleule wa yule mbumbumbu.