Unene wa watoto na bei ya mkaa

Katika kazi yangu ya lishe hapa Dar es Salaam nakutana na wazazi wa aina mbili wenye watoto wanene, na ushauri unaomfaa mmoja haumsaidii mwingine.

Wa kwanza tumemzoea. Kipato kizuri, mtoto anachukuliwa mlangoni na basi la shule, jioni yuko kwenye televisheni, na friji haikosi soda wala juisi ya boksi. Kwetu kiribatumbo, yaani unene uliopindukia, kilianzia huko. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, wenye uzito uliozidi ni asilimia 4 tu. Basi wengi wanauita ugonjwa wa matajiri.

Mimi sikubali. Uingereza watoto hupimwa wanapoanza shule na tena wakiwa na miaka 10 au 11, na katika maeneo maskini kabisa kiribatumbo ni zaidi ya mara mbili ya kile cha maeneo yenye nafuu. Vyakula vya mafuta na sukari vikishakuwa rahisi kila kona, mzigo unamhamia asiye nacho. Dar tunaelekea huko.

Mzazi wa pili amepanga chumba kimoja, anarudi usiku, anapikia barazani. Maharage ni chakula bora, lakini mpaka yaive mkaa umekwisha. Chipsi za kibandani zimeshaiva. Anayeishi kwa pesa ya siku hununua kinachoshibisha leo: maandazi, wali, mafuta ya kupimiwa. Na mtoto acheze wapi? Viwanja vimejengwa, kichochoroni bodaboda zinapita. Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliyekosa lishe tangu tumboni ndiye aliye hatarini zaidi kunenepa anapokutana na vyakula hivi baadaye.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja mboga, nauliza: nani anapika, saa ngapi, kwa nishati gani? Kuloweka maharage usiku kucha kunapunguza mkaa. Dagaa wanaiva upesi. Maji badala ya soda yanaokoa hata pesa.

Ila mzazi peke yake hawezi. Serikali ianzie shuleni: kila mtoto apate chakula cha mchana, soda na pipi ziondoke getini, na uwanja wa michezo usiguswe na mjenzi yeyote.