Majani ya mpera, mlonge na mwarobaini kwa mgonjwa wa sukari: yanapimwaje?

Ni kweli kuna majani yanayoshusha sukari?

Ni kweli. Metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili huanzishiwa kliniki, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Mmea huo una galegini, kemikali inayoshusha sukari lakini yenye sumu. Wanasayansi wakatengeneza kemikali za jamii hiyo zenye usalama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kutibu wagonjwa kwa metformini. Kwa hiyo anayedharau majani anakosea. Anayekwambia utupe vidonge kwa kuwa majani ni ya asili anakosea zaidi, maana hata galegini ni ya asili.

Majani ya mpera nayo yamechunguzwa sana. Yana viambato vinavyochelewesha wanga kumeng'enywa tumboni, hivyo sukari haipandi kwa kasi baada ya kula. Japani imeruhusu chai yake iuzwe kama chakula cha kusaidia hilo. Haiuzwi kama dawa ya kuponya kisukari.

Maabara wanafanya nini hasa?

Kwanza mtaalamu wa mimea anauthibitisha mmea wenyewe, kwa sababu jina moja la kienyeji linaweza kubeba miti miwili tofauti. Majani huoshwa, huanikwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa kwenye maji au ethanoli, yaani alkoholi. Yakichujwa na kukaushwa hubaki unga mzito au kitu kama lami. Hapa wengi hupitiwa: kinachotoka kwenye ethanoli si kile unachopata ukichemsha majani jikoni.

Halafu huja panya. Hudungwa aloksani au streptozotosini, kemikali zinazoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini (homoni inayoshusha sukari), na sukari yao hupanda. Panya hao hugawanywa: wapo wanaopewa maji matupu, wapo wanaopewa glibenklamidi (kidonge kingine cha kisukari) au metformini, na wapo wanaopewa mchujo wa majani kwa dozi ndogo, ya kati na kubwa. Tone la damu hutolewa mkiani na kupimwa kwa glukomita. Kundi la maji matupu ndilo linalofanya jaribio liaminike. Bila hilo huwezi kujua kama sukari imeshushwa na majani au ingeshuka yenyewe. Mwishoni ini na figo huangaliwa kwa hadubini kuona kama zimeumia.

Kama panya walipata nafuu, kwa nini tusianze kutumia?

Kisukari cha panya kilitengenezwa kwa sindano ndani ya siku chache. Kisukari aina ya pili cha mtu mzima hujijenga kwa miaka, mwili ukiwa umeanza kutoitikia insulini yake. Dozi nazo hazihamishiki kirahisi: miligramu 400 kwa kila kilo ya panya, ukizidisha kwa mtu wa kilo 70, ni gramu 28 za mchujo mkavu. Watafiti hugawa dozi ya panya kwa takriban 6 ndipo wapate makisio ya kuanzia kwa binadamu, na bado hiyo si konzi ya majani.

Jaribio la watu linahitaji muda. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, hivyo ushuhuda wa "nilikunywa wiki moja ikashuka" hautoshi. Kwa mlonge, majaribio ya watu ni machache, madogo, na majibu yake yanapishana.

Nakunywa maji ya mwarobaini pamoja na vidonge. Kuna shida?

Inaweza kuwepo. Glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini. Ukiongeza kitu kingine kinachoshusha, sukari inaweza kuporomoka. Mwambie daktari wako, na ubebe majani au pakiti yenyewe. Nawaomba wahudumu wenzangu tusiwakaripie wagonjwa, kwa sababu anayekaripiwa leo atakuja kesho akiwa ameficha. Mjamzito asitumie mwarobaini. Mwenye kisukari aina ya kwanza asiache insulini hata siku moja kwa ajili ya majani yoyote; damu hujaa asidi haraka, na hiyo huua.

Dalili za sukari kushuka mno ni zipi, na nifanye nini?

Kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuongea bila mpangilio. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado chini, rudia. Ikipanda, kula chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni: mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali. Na kama anatumia glibenklamidi, apelekwe hata akizinduka, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye.