Nani kawaambia manga ina kasi?

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Lakini juzi, katika kikao cha kupitisha wazo la gemu mpya inayotokana na manga (hadithi za michoro za Kijapani), mtu anayenizidi cheo aliegemea kiti akasema: "Hii manga ni ya mapigano jamani, ina kasi. Mkiiwekea zamu mtaiua." Wenzangu wote wakanigeukia, maana wananijua. Nikameza mate, nikasema tutaliangalia hilo, nikaondoka. Sasa niko peke yangu na hakuna wa kunikanyaga mguu chini ya meza.

Kazi yangu ni kubuni mifumo ya mapigano ya RPG za zamu, yaani gemu za kuongoza wahusika katika safari, ambamo kila upande hungoja zamu yake ndipo uchague pigo kwenye menyu. Tatu kati ya nilizofanya zilitokana na manga: moja iliuzika, moja ilizama, moja haikutoka kabisa. Sentensi ile niliisikia katika zote tatu.

Haya. Chukua juzuu yoyote ya manga ya mapigano. Usisome, hesabu tu. Kisanduku cha kwanza, ngumi inavutwa nyuma. Cha pili, jicho la adui. Cha tatu, rafiki aliyesimama pembeni anatoka jasho: "Isije ikawa ni ile mbinu!" Cha nne, adui anaanza kuieleza mbinu yenyewe, kwa utaratibu kama mwalimu wa fizikia, na mwenye ngumi anamsubiri amalize. Hakuna anayempiga mwenzake katikati ya maelezo. Kasema huyu, sasa yule. Kama hiyo si zamu, basi mimi sijui zamu ni nini. Na kumbuka manga nyingi za aina hii hutoka kila wiki, kurasa kama 19 hivi. Mara ngapi ngumi imevutwa ukurasa wa mwisho, ikaja kutua toleo lililofuata? Siku saba ngumi iko hewani, halafu mtu ananiambia kasi.

Kasi mnayoikumbuka mmeitoa kwenye anime (katuni za video za Kijapani), au kwenye ile mistari inayochorwa kuzunguka mkono. Wakati wenyewe umesimama, na anayeusukuma ni msomaji. Mchoraji anajua hivyo. Pigo kubwa hulificha nyuma ya ukurasa ili mkono wako ndio uliachilie. Ukifika kona ya chini kushoto (manga husomwa kutoka kulia), unajua kabisa kuna jambo upande wa pili, na kuna nusu sekunde ya kusita. Nusu sekunde hiyo ndiyo biashara yangu yote. Menyu ya zamu inakupa kituo kile kile: unachagua, unabonyeza, unaona ulichokiachilia. Gemu ya vitendo, ile ya kubofya kama unatwanga, inakupa raha nyingine, nami huicheza usiku kama mtu yeyote, ila kile kituo cha kuogopa haina.

Na wala si uvumbuzi wangu. Mwaka 1988 Tecmo walitoa gemu ya manga ya Captain Tsubasa kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo. Soka! Mchezo wa kukimbia mwanzo mwisho, wao wakaufanya wa menyu. Unakwenda na mpira, beki anakukaribia, wakati unasimama: piga chenga, toa pasi, au piga shuti. Mbinu kubwa inakula nguvu zako, zikiisha umebaki na mateke ya kawaida. Kisha skrini inajaa kiatu, inajaa mpira unaopinda, inajaa uso wa kipa. Mashine ile haikuweza kuchora mwendo laini, kwa hiyo walikata picha moja moja, yaani visanduku. Matokeo yake ni gemu iliyokaribia manga yake kuliko gemu nyingi za soka zenye wachezaji wanaotoka jasho hadi kwenye nyusi. Mwaka huo huo manga ya Dragon Ball nayo ilipata gemu ya kadi kwenye Famicom. Na Dragon Quest, mama wa RPG za zamu za Japani, ilipotoka mwaka 1986 michoro yake ilikuwa ya Akira Toriyama, mwenye Dragon Ball mwenyewe, na mbunifu wake Yuji Horii alikuwa akiliandikia jarida la manga la Weekly Shonen Jump. Manga na RPG za zamu ni ndugu wa tumbo moja, na mnaniuliza kama wanaelewana.

Kinachonikosesha usingizi ni HP, ile namba ya uhai wa mhusika.

HP inasema uhai ni maji kwenye ndoo. Una 300, ukipigwa unabaki na 180, na ukibaki na 3 unapiga kwa nguvu zile zile za mwanzo. Kwenye manga hakuna ndoo. Mhusika anavunjwa mbavu, anaangushwa, damu inamfunika jicho moja, na hapo ndipo anapokuwa hatari. Nguvu zake hazipimwi kwa kilichobaki. Zinatokana na alichokielewa au alichokataa kukiacha. Sasa mbunifu kijana, na nilikuwa mmoja wao, anasema rahisi tu: HP ikishuka chini ya robo, kipigo kiongezeke maradufu. Nikaiweka. Nikajipongeza. Siku ya majaribio nikamkuta mchezaji mmoja kamnywesha shujaa wangu sumu kwa makusudi mwanzoni mwa pango, akamwacha akibaki na HP 1, akapita naye pango zima akiua kila kitu kwa pigo moja. Saa mbili za shujaa anayekufa, bila hata sekunde moja ya huzuni. Nilimuuliza kama anahisi mhusika yuko hatarini. Akasema, "Hapana, hivi ndivyo anavyotakiwa kuchezwa."

Kosa langu lilikuwa kuzawadia hali badala ya tukio. Katika gemu iliyofuata nilihesabu kitu kingine: ni mara ngapi umepigwa na anayekuzidi, katika pambano hili hili, ukasimama. Ukitoka vitani hesabu inafutika. Ikawa bora. Lakini ikaleta jingine, kwamba ili hesabu ipande ilibidi mganga wa kundi akuponye kila zamu, na hakuna kinachoua tamthilia kama mtu anayekupaka dawa kila baada ya kofi. Tulipunguza dawa, watu wakalalamika gemu ni ngumu. Tukairudisha. Mpaka leo sina jibu ninaloweza kulisimamia, na vitabu vya ubunifu nilivyosoma vinapita hapo haraka kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

Linalofuata linatokana na hilo hilo. Umempiga bosi (adui mkubwa wa gemu) kwa dakika 25, umemmaliza kwa ustadi, halafu onyesho linafunguka na shujaa wako yuko chini anahema, bosi anacheka, hana hata mkwaruzo. Kwa nini? Kwa sababu katika juzuu ile anashindwa, na kila shabiki anajua. Natamani kuwe na faini kwa hili. Ukimpa mchezaji ushindi usimnyang'anye dakika moja baadaye kwa filamu. Mpe lengo jingine kabisa: astahimili zamu sita, amtoe mwenzake uwanjani, au achezeshwe upande wa adui aone mwenyewe jinsi shujaa asivyokuwa tayari. Hilo la mwisho nililipendekeza mara mbili, likakataliwa mara mbili, na bado naamini nilikuwa sahihi.

Wapo waliolizunguka kwa ujanja. One Piece Odyssey ya mwaka 2023 ilikuwa na shida ya shujaa aliyekwisha kuwa na nguvu za kutisha: Luffy wa wakati ule, unamwanzishaje leveli (ngazi ya nguvu) ya chini? Wakamleta msichana anayewavua nguvu zao mapema kabisa, na sehemu kubwa ya safari wakaiweka ndani ya ulimwengu wa kumbukumbu, ambamo sehemu za manga kama Alabasta na Marineford zinaweza kwenda tofauti kidogo na zilivyochorwa bila mtu kushitaki. Kisa hicho kinanuka gundi kidogo, sitadanganya. Lakini walichofanya kwenye uwanja wa pambano nakiheshimu: waliugawa katika maeneo, kila mhusika anajikuta ana adui wake wa karibu. Wengi hawakuona umuhimu wake. Kwenye manga watu hupambana mmoja kwa mmoja, kwa heshima au kwa kisasi. Kwenye RPG wanne wanamzunguka mmoja wanampokeza makofi kwa foleni. Hiyo ni kuonea. Bosi mwenye huzuni ya utotoni akizungukwa na watu wanne, mimi huwa upande wake.

Kuhusu kupanda leveli kwa kuua vidudu njiani: punguza, kisha punguza tena. Hakuna sura ya manga ambamo shujaa anaua popo 200 ili aweze kuvuka daraja.

Kuhusu wenye haki za manga: ndiyo, wanarudisha kazi. Nyusi zikizidi milimita, inarudi. Niliwahi kurudishiwa mstari mmoja kwa sababu mhusika alisema "asante" baada ya kuponywa, na katika juzuu zote hajawahi kumshukuru mtu. Nilikasirika mpaka jioni. Halafu tukaweka kwamba akiponywa anageuza uso pembeni, na ikawa ndiyo sekunde inayopendwa kuliko zote kwenye ile gemu. Kwa hiyo siku hizi nakasirika mpaka saa sita mchana tu.

Shaka yangu kubwa ni hii, na yule mkubwa wa kikaoni angekuwa mjanja angenikamata nayo. Mbinu kuu ya shujaa ina onyesho la sekunde 14. Mara ya kwanza watu wanasimama. Mara ya arobaini ni mateso, kwa hiyo tunaweka kitufe cha kuruka. Ukurasa wa manga unaugeuza mara moja. Menyu yangu unaibonyeza mara elfu, na kile kituo cha kuogopa ninachokisifia hapa kinachakaa. Nimekaa nyuma ya wachezaji nikiwatazama, na kuna wanaoruka kuanzia mara ya pili. Nimejaribu kufupisha onyesho kila linaporudiwa: mara ya pili sekunde sita, ya tano sekunde mbili, kisha lirudi zima pale tu pigo litakapomaliza pambano. Kwa pambano la mwisho linafanya kazi vizuri. Kwa pambano la katikati ya safari, wanaruka hata hilo.

Sasa hivi mezani nina bosi ambaye kwenye manga anahutubia kurasa saba kabla ya kupiga. Nimeifanya hotuba iwe zamu zake. Kila zamu anasema aya moja na hafanyi kitu kingine, na wewe unaweza kumpiga muda wote huo bila kujibiwa. Ukimpiga, anaikatiza na huji kujua alitaka kusema nini. Mkuu wangu anataka ipunguzwe iwe zamu tatu. Majaribio ni Alhamisi.