Uongo tunaoambiana tukishuti filamu za pesa kidogo Kisumu

Kila nikikaa na vijana wanaotaka kutoa filamu yao ya kwanza, mazungumzo huanzia kwenye kamera. Ipi? Inakodishwa pesa ngapi? Mwenye nayo Nairobi atakubali kuituma na basi la usiku? Mimi hubeba bumu, ile maiki iliyo kwenye ufito mrefu, na nimeibeba Nyalenda, Dunga, Kibuye na hata ndani ya matatu ya Ahero. Kwa hiyo jibu langu huwaudhi: kamera iwe ya mwisho kwenye orodha. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara, na ninavyoyajua.

"Siku hizi simu inatosha."

Kwa picha, ndiyo. Mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker alitoa Tangerine, filamu ndefu iliyoshutiwa kwa iPhone 5s, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance. Wanaoitaja huishia hapo. Hawaongezi kwamba bajeti yake ilikuwa kama dola 100,000, kwamba simu zenyewe zilifungwa lenzi za ziada, wala kwamba sauti haikuachiwa simu; alikuwepo fundi wake na vifaa vyake.

Mtazamaji husamehe picha yenye chengachenga. Pengine atadhani umekusudia. Sauti haisamehi: akikosa maneno mawili humgeukia wa kando yake, "Amesema nini?", na hapo umewapoteza wote wawili.

Na Kisumu ina kelele zake. Siku moja tulikuwa kwenye nyumba ya mabati Nyalenda, sini (kipande kimoja cha hadithi) ya mama na bintiye wakipanga mazishi, kurasa mbili tu. Teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza kuirekodi, tuktuk. Ya pili, kwarara watatu walipita juu ya paa wakipiga mayowe, na anayewajua ndege hao anajua hakuna huzuni inayostahimili sauti yao. Ya tatu, mama wa mlango wa pili akaanza kukaanga samaki, mafuta yakilia chaaa kupitia ukutani. Nilienda kumwomba angoje kidogo. "Mwanangu," akaniambia bila kugeuka, "watoto wakitoka shule nitawalisha sinema?" Sikuwa na jibu. Tulingoja sisi. Alipoepua karai ilikuwa saa tisa, mawingu yameshatanda, na mvua ikishaanza kupiga mabati, hata umpigie mtu kelele sikioni hakusikii.

Siku nzima, na hatukurudi na sini hata moja. Tungeiokoa kwa kwenda pale siku iliyotangulia. Sasa mimi hutangulia kwenda mahali pa kushuti siku moja kabla, saa ile ile tutakayoshuti, nikafumba macho dakika 10 na kuhesabu: jenereta, msikiti, kanisa, shule, gereji, kisiagi. Kukiwa na kisiagi karibu, tunahama, hakuna mjadala. Maiki ndogo ya kubana ndani ya nguo husaidia, ila kitenge kikiisugua ni balaa. Ibandike ngozini kwa plasta na uuache waya ulegee. Dunga tunaenda asubuhi na mapema, kwa sababu jua likishapanda upepo wa ziwa huanza kuvuma kuja nchi kavu, na maiki isiyovishwa manyoya ya kuzuia upepo itanasa ngurumo tupu.

"Yuko aliyetengeneza filamu kwa dola 7,000."

Yuko. Ni Robert Rodriguez, na filamu ni El Mariachi ya 1992. Ila hesabu hiyo ni ya kuishuti na kupata nakala ya kuwaonyesha wanunuzi; studio iliyoichukua ilimwaga pesa nyingi kuliko hizo kabla haijaingia kumbini.

Ninachokipenda mimi kwenye kisa hicho ni kingine. Kamera yake ilikuwa na kelele mno, basi alishuti bila sauti, halafu papo hapo akawasemesha waigizaji maneno yao tena mbele ya rekoda, na kuyapachika baadaye kwa mkono. Yalipokataa kulingana na midomo, alikata akaonyesha kitu kingine. Ujanja huo unafanya kazi Kondele mpaka leo. Kelele zikikushinda, waingize waigizaji kwenye gari, funga madirisha, wayarudie maneno mara tatu yakiwa bado moto mdomoni. Ukingoja wiki mbili, watakuwa wamesahau walivyopumua.

"Jua ni taa ya bure."

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua hupanda wima na kushuka wima. Kuanzia saa 5 hadi saa 9 mchana liko utosini, na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo mawili meusi. Ule wekundu mtamu wa jioni, ambao walimu wa video za Ulaya huuzungumzia kama karamu ya saa nzima, hapa ni wa dakika chache. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12:25 na saa 1 kasoro, na giza halikawii. Shuti nje asubuhi, ingieni ndani mchana. Ikibidi kubaki nje, wawili washike shuka jeupe juu ya kichwa cha mwigizaji.

"Weka fremu 24 kwa sekunde ndiyo ifanane na sinema."

Huu tumefundishwa na Wamarekani, na umeme wao si wetu. Wao wako kwenye hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde, sisi 50. Taa nyingi za bei nafuu, LED na zile za mirija, hupepesa mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho haliuoni mpepeso huo lakini kamera inauona. Tulipoteza sini ya kinyozi hivyo: mistari myeusi ikitambaa ukutani taratibu, nyuma ya mtu anayenyolewa. Kwenye kioo kidogo cha simu hakuna aliyeiona. Aliyeiona ni mhariri, kwenye laptopu, usiku, na tulikuwa tumesharudisha vifaa. Weka fremu 25 na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Kama programu ya kamera kwenye simu yako hairuhusu, tafuta inayoruhusu.

"Sisi ni watu sita tu, kibali cha nini?"

Sura ya 222 ya sheria za Kenya, ile ya filamu na michezo ya jukwaani, haihesabu watu wako. Filamu ya kuonyesha umma au kuuza inahitaji leseni, na wa kumwendea ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Droni ina mlango wake, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kumbuka pia kwamba uwanja wa ndege wa Kisumu uko pale pale ukingoni mwa ziwa unalotaka kulipiga picha kutoka juu. Ukishapata karatasi zote, bado nenda ukamsalimie mzee wa mtaa. Vijana wa kituo cha bodaboda hawasomi leseni, lakini wakijulishwa mapema huzima pikipiki zao wenyewe na kuanza kuwanyamazisha wengine, tena kwa ukali kukuzidi.

"Sekunde 10 za wimbo hazina kesi."

Hakuna sekunde za bure kwenye Sheria ya Hakimiliki. Mpe mpiga nyatiti au kijana wa kanisani kazi, muandikiane, basi.

"Marafiki wataigiza bure."

Siku ya kwanza, ndiyo. Siku ya tatu, bila chakula cha maana, mmoja ana mgonjwa na mwingine simu yake imezima. Mimi ningepunguza siku za kamera ya kukodi nikaongeza chapati, madondo na nauli ya kurudi nyumbani usiku. Na muandikiane pia, hata ukurasa mmoja: nani analipwa nini filamu ikiuzwa, na kwamba umekubali sura yako itumike. Hapa undugu ni mwingi, na filamu isiyoandikiwa mkataba ikipata hata shilingi elfu kumi huzaa kikao cha familia.

"Tutarekebisha kwenye kompyuta."

Programu za kusafisha sauti zimekuwa nzuri, sikatai. Huondoa mvumo wa friji. Hazimwondoi kwarara katikati ya neno "mazishi".

Kinachomfaa mhariri ni kitu ambacho watu hukiona upuuzi: ukimya wa chumba. Kabla hatujafungasha, kila mtu husimama alipo na mimi nanasa sekunde 30 za hewa tupu ya mahali pale, za kuzibia mapengo baina ya maneno. Kule Nyalenda tulirudi wiki iliyofuata, saa 1 asubuhi, kabla karai halijatoka. Sini ikaisha kwa teki mbili. Nikaomba ukimya wangu. Watu sita wamekauka, mwigizaji mmoja mguu uko hewani kwa hofu ya kukanyaga mfuko wa plastiki. Sekunde ya 20, mtoto wa yule mama akachungulia dirishani, akatutazama mmoja mmoja, akakimbia.

"Mama! Wameganda!"

Nikaanza kuhesabu upya.