Seva Mbili Hazitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Hifadhi ya Data Inayoendeshwa na Programu

"Injinia, sisi tuna seva mbili nzuri. Tuwekee tu ile programu ya kuunganisha diski, mambo ya SAN tuachane nayo." Maneno haya nayasikia kwa wakuu wa TEHAMA Mtumba, kwa mameneja wa SACCOS mjini Dodoma, kwa wenye viwanda vya alizeti Singida. Nimeamua kuyajibu kwa maandishi ili kwenye vikao tuanzie mbele kidogo. Hifadhi inayoendeshwa na programu, yaani ile inayounganisha diski za seva kadhaa ziwe hifadhi moja badala ya SAN (boksi maalumu la kuhifadhia data), naipenda, naifunga na kuihudumia. Ndiyo maana inaniuma kuona ikilaumiwa kwa makosa yaliyofanyika siku ya kuandaa bajeti.

"Seva mbili zinatosha"

Hazitoshi. Hii ndiyo dhana inayopoteza data za watu, kwa hiyo nitaikalia zaidi ya nyingine zote.

SAN ya kawaida ni boksi moja lenye kontrola mbili (ubongo unaoendesha diski), na kontrola hizo zinawasiliana humo humo ndani ya boksi bila kupitia swichi ya mtu yeyote. Moja ikifa, ya pili inajua na inashika kazi. Ukiondoa boksi ukaweka seva mbili, mazungumzo hayo yanahamia kwenye mtandao wako. Sasa swichi izimike huku seva zote mbili ziko hai. Seva A haiisikii seva B, na B haiisikii A. Kila moja inajiuliza: mwenzangu kafa, au njia ndiyo imekatika? Kwa kuangalia kutoka upande mmoja, hakuna namna ya kujua. Zote zikiendelea kuandika, mkopo wa mwanachama unaingia upande huu, rejesho lake linaingia upande ule, na mtandao ukirudi una daftari mbili zinazopingana, kila moja ikidai ndiyo sahihi. Programu haiwezi kukuamulia ipi ni kweli. Ataitwa mhasibu na stakabadhi zake, mstari kwa mstari, na wanachama wako dirishani wanasubiri.

Ili hilo lisitokee, mifumo hii inaamua kwa kura. Upande wenye zaidi ya nusu ya kura unaendelea kuandika, upande wenye nusu au pungufu unasimama. Seva mbili ni kura mbili: moja ikipotea, iliyobaki ina nusu tu, haina mamlaka. Kwa hiyo ukiwa na mbili bila mwamuzi, chagua kati ya mfumo unaosimama kila seva moja inapozima na data zinazogawanyika pande mbili. Ndiyo maana Ceph, mojawapo ya programu hizi za hifadhi, inataka angalau monita tatu (sehemu zake zinazopiga kura). vSAN ya VMware, iliyotoka mwaka 2014, inaanzia seva tatu, au mbili na shahidi, yaani huyo mwamuzi mwenye kura ya tatu. Storage Spaces Direct ya Microsoft, iliyokuja na Windows Server 2016, inakubali mbili, lakini nayo hapo inataka shahidi.

Shahidi hahitaji kuwa mashine kubwa, maana hatunzi data zako, anatunza kura. Ninachosisitiza mpaka wateja wanachoka ni kwamba asikae kwenye raki ileile, wala asile umeme wa UPS ileile. Kama makao makuu yako Mtumba na una ofisi nyingine Area D, shahidi akae Area D. Nimewahi kukuta shahidi amewekwa kama mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu) ndani ya mojawapo ya seva mbili anazotakiwa kuziamulia. Seva hiyo ikizima, kura mbili kati ya tatu zinaondoka kwa pamoja, na ile iliyobaki, nzima kabisa, inasimama.

Wakishakubali tatu, wengi wanakwenda stoo kutafuta ya tatu, kwa sababu waliambiwa programu inakubali mashine yoyote. Mimi nikipewa seva kuukuu, cha kwanza nafungua mfuniko. Napuliza vumbi, maana vumbi la kiangazi la Dodoma huziba mapezi ya kupoozea prosesa mpaka hewa haipiti. Kisha nabadilisha betri ya saa, kile kidude cha duara, CR2032, kilicholala kwenye ubao mkuu. Umeme ukikatika, jenereta likagoma na UPS ikaisha, seva yenye betri iliyokufa inaamka ikiamini tuko mwaka mwingine kabisa. Monita za Ceph zinaanza kulalamika saa zikipishana kwa sekunde 0.05 tu. Zikipishana kwa miaka, seva hiyo haikubaliwi na wenzake mpaka saa yake irekebishwe. Nimeona ofisi imesimama kazi nusu siku ikimsubiri mtaalamu kutoka Dar es Salaam, diski zote nzima, tatizo likiwa betri inayouzwa kwa fundi saa yeyote. Weka betri mpya kwenye seva zote, na ndani ya jengo weka chanzo kimoja cha saa ambacho seva zote zinakifuata, hata intaneti ikiwa imekatika.

"Tumenunua terabaiti 36, tuna terabaiti 36"

Seva tatu zenye terabaiti 12 kila moja ni 36 kwenye karatasi ya manunuzi tu. Kwa mpangilio wake wa kawaida Ceph inatunza nakala tatu za kila data, moja kila seva, kwa hiyo umebaki na 12. Hizo nazo hujazi zote: mfumo unaonya ukifika asilimia 85, na ukifika asilimia 95 unakataa kuandika. Panga matumizi ya terabaiti 10. Tena kwa seva tatu zenye nakala tatu, seva moja ikifa hakuna pa kujengea upya nakala iliyopotea mpaka yenyewe irudi au uweke nyingine mahali pake. Ndiyo sababu kwenye mapendekezo yangu huwa naandika nne. Hesabu hii ifanyike kabla ya kutangaza zabuni, isisubiri diski zijae ndipo bosi aambiwe.

"Swichi iliyopo itafaa"

Waya wa gigabiti 1 unapitisha, ukijitahidi sana, megabaiti 125 kwa sekunde. Seva iliyokuwa na terabaiti 4 ikibadilishwa, kuirudishia data zake kwa njia hiyo ni karibu saa 9, na katika saa hizo zote wafanyakazi wanagombania waya huohuo. Kwa gigabiti 10, mtandao wenyewe unahitaji chini ya saa moja, na kinachobaki ni kasi ya diski. Urefu wa muda huo una maana kubwa kwako, kwa sababu ndio muda unaoishi ukiwa na nakala pungufu. Nikipewa kuchagua kati ya diski za ziada na swichi mbili za gigabiti 10, nachukua swichi bila kufikiri.

Na tafadhali, SSD (diski za kielektroniki) za laptop zibaki kwenye laptop. Hazina kapasita za kukamilisha uandishi umeme ukikatika ghafla, na mfumo unaodai uthibitisho wa kila andiko unazifanya ziende polepole kiasi cha kushangaza.

"Nakala tatu ni bekapu"

Si bekapu. Mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya, limefutwa mara tatu. Kirusi kikifunga mafaili, kimeyafunga mara tatu. Bekapu iko mahali pengine, haiguswi kwa nywila za mfumo huu, na umeshajaribu kuirejesha ukaona inafunguka.

"SAN ni chuma, haisumbui kama programu"

Hii ni ya wakongwe wenzangu. Ndani ya hicho chuma kuna programu. Mwaka 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, pamoja na data zake, kwa kosa la programu iliyomo ndani ya diski. Diski zilizowashwa siku moja zingeweza kufa karibu kwa pamoja, na hapo RAID, ulinzi wa diski moja kufidiwa na nyingine, haiokoi. Waliosoma tangazo na kuweka sasisho mapema walipona. Uwe na SAN au usiwe nayo, lazima awepo mtu anayesoma matangazo hayo.

"Programu ni ya bure"

Ceph haina ada ya leseni, kweli. Lakini itahitaji mtu wako ajifunze, na huyo mtu akiondoka lazima awepo wa pili. Upande wa leseni za kulipia, tangu Broadcom iinunue VMware mwishoni mwa 2023, leseni za kununua mara moja haziuzwi tena, unalipa kwa kipindi. Dai bei ya miaka mitano kwa maandishi.

Kwa hiyo, kama una hela ya seva mbili na kijana mmoja wa TEHAMA ambaye ndiye pia anatengeneza printa, nunua SAN ndogo yenye kontrola mbili pamoja na mkataba wa huduma, wala usione aibu. Uliza vipuri viko wapi: kikiwa Dar es Salaam, kinaweza kupanda treni ya SGR na kukufikia siku hiyohiyo. Kama una seva nne, data zinazokua kila mwaka na watu wawili walio tayari kujifunza, chukua hifadhi ya programu, utaifurahia.

Vyovyote utakavyochagua, kabla ya kupokea kazi tenga Jumamosi moja ya majaribio. Mfumo ukiwa unaandika data za majaribio, chomoa waya wa mtandao wa seva moja. Subiri, urudishe. Zima swichi moja. Vuta diski moja. Mwisho zima umeme wa raki nzima, uwashe, uhesabu dakika mpaka mtumiaji aweze kuingia. Kila hatua iandikwe na pande zote mbili zisaini. Mkandarasi asiyekubali majaribio hayo, usimsainie hati ya makabidhiano.