Kitenzi "cha kawaida" katika Kireno si kile cha kila siku

Wanaoanza Kireno huambiwa kwamba ser (kuwa), ter (kuwa na) na ir (kwenda) ni vitenzi vya kawaida, eti kwa sababu huwezi kuongea dakika mbili bila kuvitumia. La. Hivyo vitatu ni vikaidi hasa, havifuati kanuni.

Kitenzi cha kawaida ni kile ambacho ukikikata -ar, -er au -ir, shina halibadiliki na miisho inafuata kanuni. Katika wakati uliopo (mimi, wewe, yeye, sisi, wao), falar, kusema: falo, falas, fala, falamos, falam. Comer, kula: como, comes, come, comemos, comem. Partir, kuondoka: parto, partes, parte, partimos, partem. Você, "wewe" nyingine, huchukua umbo la nafsi ya tatu: você fala. Vós, "ninyi" (falais, comeis, partis), utakutana nayo zaidi kwenye sala. Ukiiacha hiyo, -er na -ir katika wakati huu huachana kwenye "sisi" tu, na hapo ndipo mwanafunzi huteleza akasema partemos.

Tatizo ni neno lenyewe. Kawaida limetoka Kiarabu, qawā'id, wingi wa qā'ida: msingi, kanuni. Midomoni mwetu likahama likawa "jambo la siku zote", na kanuni ikasahaulika. Sarufi inataka ile maana ya zamani. Ndiyo maana datilografar, kupiga taipu, ambacho unaweza kumaliza mwaka hujakigusa, ni cha kawaida kabisa: datilografo, datilografas, datilografa. Ter, unachokihitaji kila saa, kinatoa tenho, tens, tem. Wala si ajabu: umbo la ovyo hudumu pale linaposikika mno hata mtoto hapati nafasi ya kulinyoosha. Hata sisi kula na kuja, vitenzi vya kila siku, haviachii ku- yake pale vingine vinapoiacha: anakula, si "anala".

Kuna na wale wanaoona conheço, kutoka conhecer (kufahamu), wakakitupa upande wa vikaidi. Kile kimkia cha ç ni tahajia tu. Bila hicho, c mbele ya o ingesomeka k. Dirigir, kuendesha, nacho huandikwa dirijo kwa sababu hiyohiyo ya kulinda sauti. Dormir, kulala, ndicho kilichovunja kanuni, maana durmo imegeuza irabu ya shina. Kwa hiyo kabla hujakihukumu kitenzi, kitamke: conheço, conheces, conhece. Ile s haijaondoka.